Arifa za bure zilivyoniondokea

Kampuni ya kupeleka mizigo hapa Mombasa ambayo nasimamia kurasa zake ina neno "bahari" katika jina. Basi kila aliyejipiga picha ufuoni Nyali, programu ya kufuatilia yanayosemwa mitandaoni iliniletea arifa, na malalamiko ya kweli yakazama humo humo.

Jina nililifungia ndani ya alama za kunukuu, nikaongeza NOT, yaani "usilete yenye neno hili", mbele ya kuogelea, ufuo na samaki. Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa vitenzi: nyota ya utafutaji (*), inayosimama badala ya herufi zozote, katika programu hii hufanya kazi mwishoni mwa neno tu, na vyetu hubadilika mwanzoni. "Chelew*" haikamati "mmechelewa". Nikayaandika maumbo yenyewe nikiyaunganisha kwa OR, yaani "au": mmechelewa, wamechelewa, haujafika, hamjaleta, hampokei. Hilo la mwisho ndilo lililonasa wengi. Mteja wa Kongowea haanzi na mzigo, anaanza na simu isiyopokewa.

Kipimo kipya cha hisia, kile cha akili mnemba, nimekizima. "Hongereni sana, dera limefika na Idi imeshapita" kilihesabu kuwa sifa!

Arifa sasa zinaingia moja kwa moja kwenye kikundi cha WhatsApp cha madereva, na mara nyingi wao hujibu kabla yangu.