Zawadi ya sindano

Miaka 11 Birmingham, halafu zawadi niliyomletea bibi ni pakiti ya sindano. Wajomba walicheka mpaka basi. Lakini sindano zile nilizifuata mwenyewe Redditch, mji ulio kusini kidogo ya Birmingham, ambao enzi zake uliishonea dunia. Kinu chao cha kung'arishia sindano kwa nguvu ya maji, kule bonde la mto Arrow, siku hizi ni makumbusho. Huko ndiko mama mmoja kituo cha basi aliponiuliza natoka wapi, nami nikataja Mtwara. "Aa! Mji wetu na wenu ni ndugu, miji dada." Nikaona haya. Mzaliwa wa Mikindani, mji mkongwe ulio jirani na Mtwara, na sikuwa na habari.

Basi safari hii nimekuja na macho ya mgeni. Bajaji ilipoinama kuelekea ghuba, Boma likajitokeza mlimani, jeupe. Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Utotoni kwetu lilikuwa gofu la popo, na tuliapishwa kwamba lina majini. Sasa ni hoteli. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani.

Chini, nyumba za mawe ya matumbawe bado zimesimama, nyingine kwa kuegemea mizizi ya miti tu. Kibao cha Livingstone kipo. Alishukia hapa Machi 1866, katika safari ambayo hakurudi nayo. Kibao kinang'aa kuliko nyumba. Soko la watumwa nililipita bila kusimama. Bibi hapendi litajwe jioni.

Waingereza walipojenga bandari ya kina kirefu kwa ajili ya mradi wao wa karanga, Mtwara ikakua, Mikindani ikabaki kuchungulia. Karanga zenyewe hazikufika popote.

Usiku, baada ya ugali wa muhogo na pweza wa nazi, nikamweleza bibi habari za undugu wa miji.

"Huyo ndugu yetu alikuja kwenye msiba wa babu yako?"

"Hapana, bibi."

"Arusi ya mama yako je?"

Nikanyamaza.

"Haya. Undugu wa nazi hukutana chunguni." Akaifungua pakiti, akachagua sindano moja, akaisogeza kwenye taa, akanipa pamoja na uzi. "Nitungie. Mimi tundu silioni tena."