Mwaka 1970 jikoni kwa mama

Jumapili, saa nne usiku. Umeme upo, ngoja niandike kabla haujabadili mawazo.

Kadi ya kumbukumbu ya tatu ilikufa mwezi wa pili. Ilikuwa kwenye Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo ya bodi moja niliyoifunga jikoni kwa mama, Muheza, inayopima maji ya tangi la juu. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandika kwenye kadi, faili zinaweza kuharibika, na kule umeme hukatika bila kuaga. Mama anapiga simu: "Mwanangu, kidude chako kimelala tena." Nami napanda basi.

Safari ya tatu ndiyo iliyonitia aibu. Kidude kina kazi moja tu: kupima umbali kutoka kwenye mfuniko hadi maji yalipo, kisha kuandika namba kwenye kioo kidogo. Kwa kazi hiyo nilikuwa nimekibebesha mfumo endeshi wa zaidi ya gigabaiti moja, wenye huduma za Wi-Fi na Bluetooth, kwenye bodi isiyo na Wi-Fi wala Bluetooth. Nimekodi fuso kubeba ndoo ya maji.

Nikaanza upya: kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), BusyBox (amri za msingi za Linux), na programu yangu. Vyote hupakiwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, wakati wa kuwaka, na baada ya hapo kadi haiguswi. Umeme ukatike utakavyo.

BusyBox naipenda kupita kiasi, nakiri. Bruce Perens aliianza katikati ya miaka ya 1990 ili kisakinishi cha Debian, aina mojawapo ya Linux, kienee kwenye flopi moja. Ni programu moja yenye majina mengi: ukiiita ls inaorodhesha faili, ukiiita mount inapachika diski, yenyewe inatazama tu imeitwa nani. Kama mjomba wangu: nyumbani Baba Asha, shuleni Mwalimu, kwenye kikoba Mweka Hazina, na shati ni lile lile. Ya kwangu ilitoka kama megabaiti moja.

Kerneli ilinila wiki mbili za kuondoa hiki na kile. Siku moja niliondoa hadi njia yake ya kuzungumza nami kwenye waya, ikawa inawaka kimya kama bubu.

Ila usiku mgumu wenyewe ulikuwa wa Alhamisi. Kerneli imewaka, imeikuta skripti yangu ya init (ya kuanzisha mfumo), imepachika folda zake za /proc na /sys, na alama ya #, ya kusubiri amri, ikanitokea kwenye skrini ya laptopu. Nikaandika ./tangi, kuiita programu yangu. Jibu: faili haipo. Nikaandika ls. Faili hii hapa, ruhusa zote inazo. Naiita tena: haipo. Nikabadili jina, nikanakili upya, nikaishuku kadi, nikamshuku na aliyeniuzia kadi. Saa saba usiku nikaikagua kwa readelf, amri ya kuchungulia ndani ya programu, nikakuta mstari unaotaja /lib/ld-linux-armhf.so.3. Hicho ndicho kipakiaji, kinachoikusanyia programu maktaba zake kabla haijaanza kukimbia. Na folda ya /lib haikuwepo kabisa. Niliifuta mwenyewe, tena kwa majivuno. Kilichokosekana kilikuwa kipakiaji, lakini ujumbe ule haukitaji, huisingizia programu. Nikaikompaili upya kwa -static, yaani ibebe maktaba zake ndani yake, ikakimbia papo hapo. Nilicheka kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumla, kerneli na vyote vilivyomo, megabaiti 8. Nikaenda Muheza kuifunga, na ndipo kioo kiliponiumbua:

01/01/1970 00:00
Maji: sm 112

Bodi hii haina saa yenye betri. Mfumo wa zamani ulikuwa ukiificha aibu hiyo kwa kuandika wakati wa mwisho kwenye faili na kuusoma ukiwaka. Wangu hauandiki popote, kwa hiyo kila ukiwaka unaanzia pale Unix, babu wa Linux, inapoanzia kuhesabu wakati.

"Mwaka huo nilikuwa darasa la kwanza," mama alisema. "Na tangi hatukuwa nalo."

Niliporudi Dar nikanunua saa ya DS3231 na betri yake ya duara, nikampigia kumwambia Jumamosi naja kuifunga.

"Ya nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza, kisha akanieleza yeye. Akirudi shambani anatazama kioo. Kikisoma 02:40 anajua umeme ulikatika, na umerudi saa mbili na dakika arobaini zilizopita, basi anakwenda moja kwa moja kunusa samaki kwenye friji. Kikisoma tarehe 4, siku tatu nzima haujakatika. Mwaka hautazami kabisa.

Saa ipo kwenye droo yangu mpaka leo. Asubuhi hii mama amepiga simu mapema, nikadhani kuna jambo. Kumbe kioo kimefika 09/01, hakijawahi kufika huko.