Betri ya mashine ya bustani ikigoma kuchaji, usikimbilie kununua nyingine

Juzi nilikuwa nakata fensi ya michongoma hapa nyumbani Morogoro na ile mashine ya betri ya volti 20, jua la saa saba kali balaa, betri ikaisha nikaichomoa nikaiweka kwenye chaja palepale kibarazani. Taa nyekundu ikawa inawaka inazima, inawaka inazima. Nachomoa, narudisha, wapi. Roho iliniuma maana hizi betri bei yake sio mchezo.

Jirani akasema hiyo imekufa, agiza nyingine. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikachukua betri yangu ya pili, chaja ileile soketi ileile, ikaanza kuchaji bila shida, kwa hiyo umeme upo na chaja ni nzima. Kuigusa ile iliyogoma, ya moto! Hizi betri za lithiamu zina kidude ndani cha kupima joto, na chaja nyingi zikiona limezidi nyuzi 40 na kitu hazipitishi umeme mpaka ipoe. Nikailaza ndani sakafuni (sio kwenye friji jamani, unyevu utaingia), baada ya kama saa moja ikachaji freshi kabisa.

Ikishapoa na bado inagoma, angalia vile vibati vya kupitishia umeme, maana sio chanya na hasi tu, mara nyingi kuna kingine kidogo ndo kinapeleka habari ya joto kwenye chaja, kikishika vumbi la majani hata betri mpya itakataliwa. Mimi nachomoa chaja ukutani kwanza, halafu nafuta na kitambaa kikavu, uchafu ukiganda naweka spiriti kidogo.

Ila ninayo ya tatu, ya zamani, hiyo kweli imeenda. Niliiacha stoo tangu mwezi wa saba ikiwa tupu. Ndani kuna seli 5 (vibetri vidogo vilivyounganishwa), kila moja ikijaa inafika volti 4.2, jumla 21, sasa nilivyoweka mita ikasoma 9, yaani kwa wastani kila seli haifiki hata volti 2. Kuna watu wanafundisha kuishtua kwa waya kutoka kwenye betri nzima, naomba sana usifanye hivyo, seli ikishuka kiasi hicho inaharibika kwa ndani, ukiilazimisha inaweza kushika moto, na moto wake kuuzima ni kazi, fikiria hapo umeiacha inachaji sebuleni watoto wamelala.

Zile mbili sasa hivi naziweka kabatini na chaji nusu, taa mbili kati ya nne, na kila mwezi nazichungulia.