Matanga ya Makadara kwa Mkulima wa Idaho

Rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wa eneo letu, alipiga simu Jumatano, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni, huishi wawili wawili, na sisi tulitumia simu moja ndogo ya vitufe. Usiku huo ilikuwa upande wangu. Sauti kutoka Nairobi ilinisalimu kwa upole, ikaniomba nimwamshe mwenzangu na nisitoke chumbani. Nikajua kuna jambo.

Babake alikuwa amefariki. Alikuwa shambani kwake Idaho, Marekani, katikati ya msimu wa kuvuna viazi, moyo ukasimama. Kwao ilikuwa bado Jumanne jioni.

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Niliitwa kutumikia Kenya kwa miaka miwili, kama ilivyo kwa vijana wa kiume wa kanisa letu, na nikapangiwa Mombasa pamoja na kijana huyu aliyekuwa na umri kama wangu. Ilikuwa kabla ya 2019, mwaka ambao kanisa liliruhusu wamisionari kupiga simu nyumbani kila wiki. Sisi tuliandika barua pepe siku ya matayarisho, basi, na sauti za wazazi tulizisikia mara mbili kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Mara ya mwisho kuongea na babake ilikuwa Mei. Alivyonisimulia, mzee alishika simu kwa dakika chache tu, akauliza kama Mombasa mvua imenyesha, kisha akamrudishia mkewe.

Rais alimruhusu apige simu kwao na akamwachia uamuzi mwenyewe, aende kuzika au abaki. Kanuni yetu ilikuwa wenza wasiachane, kwa hiyo nilikaa sakafuni karibu na mlango huku akiongea na mamake, nikiangalia ukuta. Alipokata simu alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia kwamba anabaki. Babake ndiye aliyekuwa akimlipia misheni kila mwezi, tena kwa pesa za viazi vilevile, na angetaka mwanawe amalize. Mimi ningepanda basi la Dar usiku uleule. Lakini Idaho si Dar, na uamuzi ule aliufanya mtu aliyejua vizuri anachokiacha. Namheshimu kwa hilo hadi leo.

Tulikuwa tumepanga ghorofa ya juu ya nyumba moja Makadara. Chini alikaa mama mwenye nyumba na wajukuu zake, na mbele palikuwa na baraza ambapo wazee wa mtaa walikutana baada ya alasiri kunywa kahawa. Karibu wote walikuwa Waislamu. Hatukwenda pale kumhubiria mtu. Tulisalimiana, tulisaidia kupandisha mitungi ya maji bomba zilipokauka, na watoto walituzoea kwa mashati meupe na beji nyeusi.

Asubuhi ile hatukushuka. Ilipofika saa nne mama akapanda mwenyewe, akishika ukuta kwa sababu ya magoti.

"Wanangu, mbona kimya? Yuwaumwa mmoja wenu?"

Nikamweleza. Akamtazama mwenzangu aliyekaa ukingoni mwa kitanda, shati limevaliwa nusu. Hakusema pole kwanza. Alimwendea, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja hadi shingoni, kama anavyofungwa mtoto wa madrasa, ndipo akasema, "Mungu akupe subira, mwanangu." Kisha akanigeukia na maswali yake. Amezikwa? Bado? Atazikwa lini? Jumamosi? Na mamake, nani yuko naye?

Hilo la Jumamosi lilimshangaza kuliko msiba wenyewe. Kwa Waislamu wa Mombasa mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Nilimweleza kwamba kwao watu husubiri jamaa wasafiri kutoka mbali, na mwili huhifadhiwa. Akasikitika sana. "Maskini, na huyu mama alale siku zote hizo yuwangoja?"

Aliposhuka nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa na jina la mjukuu likiitwa. Kufikia adhuhuri mikeka miwili ilikuwa imetandikwa barazani, mabenchi yameazimwa nyumba ya pili, na sinia ya mahamri na mbaazi za nazi imeletwa juu na msichana aliyesema tumeambiwa tusiwashe jiko. Mfiwa hapiki. Nilielewa kinachoendelea kabla ya mwenzangu. Ilibidi nimweleze kwamba wale watu wanakuja kukaa matanga ya babake.

"Lakini hawamjui," akasema.

"Wanakujua wewe," nikamwambia.

Alasiri tulishuka. Wanaume walikuja mmoja mmoja, wakampa mkono, wakasema maneno yao machache, wakakaa. Wengine hawakusema kitu kabisa. Kuna kukaa kimya kwa watu wa pwani msibani ambako mgeni anaweza kudhani ni kutojali, kumbe ndiko kuhani kwenyewe: mwili wako uwe pale, mfiwa akiinua macho akuone.

Haikukosekana hoja. Bwana mmoja wa makamo aliuliza, kwa adabu lakini wazi, ni matanga gani haya yanayoanza maiti hajazikwa, na mtoto wa kiume mbona haendi. Aliuliza pia kuhusu dua, maana marehemu hakuwa Mwislamu. Watu wakamtazama babu mmoja aliyekuwa akikaa pembeni kabisa ya baraza siku zote, baharia mstaafu, mwenye kofia ya vito iliyokwisha rangi.

Babu hakuharakisha. Alisema yeye babake alizikwa Mombasa naye yuko Aden, melini, na habari ilimfikia maiti keshaoza. Akasema watu wa bandarini kule, hata lugha hawakuwa wakielewana vizuri, walimketisha kwenye duka la mmoja wao siku tatu na hawakumwacha ale peke yake. "Matanga hukaliwa alipo mfiwa," akasema. "Na dua yetu ni ya walio hai. Twamuombea kijana huyu subira, na mamake subira. Hilo nani alikataza?" Kuhusu hesabu ya siku tatu akatoa uamuzi palepale: baraza halitaanuliwa mpaka mzee azikwe, hata kama ni Jumamosi. Yule bwana wa makamo akakubali kwa kichwa, akasogea ili wengine wapate nafasi. Alirudi kila siku, na ndiye aliyekuwa akiondoka mwisho.

Kahawa ilikuwa na mambo yake. Sisi hatunywi kahawa wala chai. Ni sehemu ya Neno la Hekima, sheria ya afya ambayo kanisa letu limekuwa nayo tangu 1833. Kwa mji ambao dele la kahawa chungu ndilo salamu, hili liliwahi kuwatatiza wazee wa baraza miezi mingi. Siku ile mama mwenye nyumba alituma birika mbili. Moja ya kahawa. Ya pili ilikuwa tangawizi iliyochemshwa na iliki na mdalasini, bila jani hata moja la chai, na msichana aliyeileta alikuwa ameagizwa atangaze kwa sauti: "Hii ya hawa wasokunywa kahawa. Na isichanganywe!" Wazee watatu nao wakaamua kunywa tangawizi siku ile. Mwenzangu alishika kile kikombe kidogo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Siku ya pili babu akamwuliza: "Babako alikuwa mtu wa namna gani?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza vitabuni na mitaani, kimechanganyika, lakini hakunitazama nimsaidie. Alisema babake hakuwa msemaji. Alikuwa akiamka gizani kusogeza mabomba ya kumwagilia, maji ya Mto Snake, kwa sababu nchi ile ni kavu na bila mto hakuna kiazi. Alisema vuli baadhi ya shule za huko hufungwa kwa wiki kadhaa ili vijana wakavune, maana baridi ikiwahi viazi huganda ardhini. Yeye aliendesha lori la viazi shambani kabla hajaruhusiwa kuendesha barabarani, babake akitembea mbele yake kwa miguu akimwonyesha njia kwa tochi.

Muuza viazi karai wa pale kona alikuwa amesikiliza yote kwa makini ya mtu wa kazi. Akauliza vinakaaje mwaka mzima bila kuoza. Mwenzangu akapiga magoti juu ya mkeka, akachora kwa kidole: ghala lililozama nusu ardhini, udongo juu ya paa, giza ndani, hewa ikipitishwa chini ya lundo. Wanaume wakainama kutazama mahali ambapo kidole kilipita, ingawa mkeka haukubaki na alama. Maswali yakawa mengi, kila mtu na lake, na kwa muda yule mkulima ambaye hakuna aliyewahi kumwona alikuwa ndiye mtu anayezungumzwa zaidi Makadara. Sijui faraja nyingine inayolingana na hiyo. Sisi wamisionari tulikuwa tumefunzwa kueleza kwamba familia zinaweza kuunganishwa hekaluni na kaburi lisizitenganishe. Mwenzangu aliamini hivyo, nami naamini. Lakini imani hiyo ilihitaji watu wa kukaa nayo mchana kutwa, na watu hao walikuwa hawa.

Jumamosi mazishi yalipangwa saa tano asubuhi ya kule, yaani saa mbili usiku kwetu. Baada ya isha wakarudi wote, na wanawake wakakaa ukumbini mlango ukiwa wazi. Kakake alipiga simu kutoka kanisani. Tuliiweka simu kwenye bakuli la bati ili sauti ikue, nami nikawa natafsiri kwa sauti ya chini, sentensi baada ya sentensi. Mtandao ulikatika mara kadhaa. Kila ukikatika hakuna aliyezungumza mpaka simu iite tena.

Katika kanisa letu kaburi huwekwa wakfu kwa sala ya mwenye ukuhani, na mara nyingi ni mtoto au ndugu. Huko aliifanya kakake. Upepo ulivuma kwenye simu, tukapata nusu ya maneno tu. Ilipokwisha, babu akainua viganja, akaomba kwa Kiswahili: subira kwa mjane, subira kwa watoto, safari njema kwa waliotoka mbali. Kisha akamwambia mwenzangu, "Nawe omba kwa mtindo wenu, tutaitikia." Mwenzangu akasimama, akakunja mikono kifuani kama tunavyofanya, akamshukuru Baba wa Mbinguni kwa kila mmoja pale, na alipomaliza, wale wazee wakaitika amin kwa pamoja, viganja bado viko wazi. Babu akaagiza mikeka ikunjwe. Matanga yakaanuliwa.

Wiki nyingi baadaye ilifika barua kutoka Idaho, iliyoandikwa kwa mkono, kwa jina la mama mwenye nyumba. Nilimsomea mlangoni, nikitafsiri. Yule mjane alishukuru kwa vifungo vya shati. Mwanawe alikuwa amemwandikia hata hilo. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nisome tena pale anaposema usiku ni mrefu. Kisha akaniletea karatasi na kalamu kutoka mkoba wa mjukuu.

"Andika. Mwambie mwanawe yuwala vizuri, asimhofu. Mwambie mimi nami nilikaa eda nyumba hii hii, miezi minne na siku kumi, na usiku waja ukafupika wenyewe. Asilale peke yake, atafute hata mtoto wa jirani. Umeandika? Haya, sasa muulize hivyo viazi vyake ni nani aliyemalizia kuvuna."