Siku niliyoipeleka kompyuta ya shule mwaka 2061

Juni 2016, walimu wakiwa katikati ya kuchapa mitihani ya muhula, niliitwa katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro kutazama kompyuta ya ofisi ambayo kila umeme ulipokatika ilisahau tarehe. Kwa sababu hiyo kivinjari kilikuwa kikikataa kufungua tovuti nyingi, maana vyeti vyake vya usalama vilionekana kana kwamba muda wake haujaanza. Ilikuwa mashine ya zamani ya biti 32, yaani inayoshika namba kwa vipande vya tarakimu 32 za sifuri na moja, ikiendeshwa na mfumo endeshi wa Linux. Ugonjwa haukunisumbua: betri ya duara iliyo kwenye bodi mama, inayoitunza saa umeme usipokuwapo, ilikuwa imekwisha. Ni ile iitwayo CR2032, jina ambalo tarakimu zake zinaeleza vipimo, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Niliibadilisha, nikaingia kwenye mipangilio ya bayosi, programu ndogo ya bodi mama inayoiamsha kompyuta, nikaandika tarehe upya na kuihifadhi.

Kompyuta haikuamka tena. Nembo ya mfumo ilitokea, kisha skrini ikaganda huku feni ikivuma kama ya mashine iliyopewa kazi nzito. Niliizima na kuiwasha mara tatu, hali ikawa ile ile. Hapo nikafanya kosa la pili, nami la kwanza nilikuwa bado sijalijua: nilimwambia mwalimu wa taaluma kwamba diski imekufa.

Akaniuliza taratibu, "Fundi, na mitihani ya kidato cha pili si imo humo?"

Nilichomeka flashi yenye Linux inayoweza kuendesha kompyuta bila kutegemea diski, nikikusudia kuyanakili mafaili yake kabla hali haijawa mbaya zaidi. Nayo ikaganda vilevile. Kwa hiyo diski haikuwa na hatia, ingawa sikumwambia mwalimu mara moja. Nilichomoa ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikaisafisha na kuirudisha, bila mafanikio. Kuanzia kompyuta ilipokuwa hai, nilikuwa nimegusa vitu viwili tu: betri na tarehe. Ndipo nilipokumbuka habari za Februari mwaka huo huo, za simu za iPhone zilizogoma kuwaka baada ya wenyewe kurudisha tarehe hadi 1 Januari 1970, habari ambazo nilizisoma nikicheka. Nikarudi kwenye bayosi na kuusoma mwaka niliouandika: 2061. Vidole vyangu viliigeuza 16 ikawa 61.

Bayosi iliupokea mwaka huo bila kinyongo, lakini Linux huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, na katika mfumo wa biti 32 kama ule hesabu hiyo haiwezi kuvuka sekunde 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata hesabu inageuka kuwa hasi, na kalenda inaangukia Desemba 1901. Nilipowasha kompyuta katika mwaka 2061, kiini cha mfumo na programu inayoanzisha huduma zake havikuweza kukubaliana juu ya saa iliyopo, na programu hiyo ikabaki ikizunguka palepale, ikikitumikisha kichakataji bila kusonga mbele. Ule mvumo wa feni ulikuwa na maana yake.

Niliandika 2016, nikausoma mwaka mara mbili, nikahifadhi. Mfumo ulipoanza kuamka, ukaguzi wa diski ulilalamika kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika tarehe ambayo bado haijafika, jambo ambalo kwa hakika lilikuwa kweli. Nikauruhusu urekebishe, na baada ya dakika chache mafaili yote yakaonekana mahali pake.

Mwalimu alifungua mtihani wa kidato cha pili, akaushusha hadi ukurasa wa mwisho, kisha akanigeukia. "Kumbe diski hufufuka?"

Nikamweleza ukweli, na malipo niliyochukua yalikuwa ya betri peke yake.