Bati la Feni na Debe la Maji

Mwezi Julai mwaka 1994 lori la baba mdogo lilichemsha mara tatu kati ya Tandahimba na Newala, na mara ya tatu madumu yetu yalikuwa yamekwisha maji. Anayeifahamu nyanda ya juu ya Makonde anajua kwamba hapo si mahali pa kuishiwa maji, kwa kuwa kule juu hakuna mto. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na enzi hizo kina mama wengi waliteremka hadi mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, isipokuwa wale waliokuwa na paa la bati na kisima cha kuvunia maji ya mvua uani. Mama mmoja mwenye kisima cha namna hiyo alitupimia debe moja, lita 20, na baba mdogo alipotoa fedha akamwambia, "Hizo nitazipikia nini, kaka yangu? Mtanirudishia maji." Tulisubiri injini ipoe, maana maji baridi yakiingia kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kisha tukamimina. Yule mama hakusema neno jingine, ila alisimama pale mpaka tone la mwisho.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford ya TJ, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, yenye boneti ndefu na injini ya dizeli ya silinda sita, nalo lilinizidi umri. Lilipandisha chumvi na saruji kutoka Mtwara na kuteremsha korosho. Rejeta yake, kifaa cha kupoza maji ya injini, ilikuwa imenyweshwa maji ya visima vya mjini kwa miaka mingi, na visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa. Chokaa hiyo ilikuwa imegandamana ndani ya mirija midogo ya shaba kama ukoko chini ya sufuria, na tulipoifungua rejeta na kuiinamisha, maji yalitoka kwa upande mmoja tu. Jambo hilo halikuwa na ubishi. Msimu wa korosho huanza Oktoba, na baba mdogo alitaka lori liwe tayari kabla ya hapo, akanunua rejeta iliyotolewa kwenye lori bovu la aina hiyo hiyo, ikazibuliwa na kulehemiwa palipovuja, akanikabidhi mimi niifunge.

Nilikuwa na umri wa miaka 22 na nilijiona fundi. Niliifunga kwa siku moja, mipira mipya juu na chini, klipu mpya, mkanda wa feni ukakazwa mpaka ukakubali kubonyea kidogo tu chini ya kidole gumba. Pembeni mwa rejeta ile kulikuwa na matundu manne ya bolti, mawili kila upande, na kuyazunguka palikuwa na alama safi ya mahali ambapo bati lilikaa miaka mingi. Niliyaona. Rejeta yetu ya zamani ilikuwa nayo pia, yameziba kwa rangi na vumbi, na kwa kuwa tulilinunua lori hilo bila kitu chochote mahali hapo, nilidhani ni matundu ya mapambo, au ya gari la nchi yenye baridi. Nikayapaka rangi nyeusi yasishike kutu.

Tulipakia tani tano za chumvi, tukaondoka. Kwenye tambarare, mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mshale wa geji ya joto ulitulia chini ya nusu, nikaanza kuimba. Tulipopita Nanguruwe na kuingia kwenye mchanga na mwinuko, gia ya pili, injini ikilia na gari likitambaa, mshale ukaanza kupanda polepole kama ulivyopanda ile Julai. Baba mdogo hakunigombeza. Alizima injini, akafungua mlango, akaketi kwenye ngazi ya gari akitazama porini, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Siku ya pili alinipeleka kwa fundi mzee aliyekuwa na gereji chini ya mwembe huko Magomeni, Mtwara, mtu aliyefanya kazi kwenye magari ya mizigo tangu ujana wake, na ambaye sote tulimwita Babu. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kunitazama, akainama mbele ya boneti, akaomba kipande cha gazeti. Aliamuru injini iwashwe na kuachwa ingurume polepole. Akaliweka gazeti mbele ya rejeta, katikati, likanata kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, kama limegundishwa. Akalisogeza pembeni, juu kushoto, likaanguka. Juu kulia, likaanguka. Chini, likaanguka.

"Rejeta hii ni mpya," akasema, "lakini wewe unatumia robo yake. Na haya matundu manne, mjukuu wangu, yanashika nini?"

Nikamwambia kwamba nilidhani ni mapambo. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa vijana wengi tangu siku ile. Hewa hupita palipo rahisi. Feni ikizunguka wazi, mapanga yake hayana sababu ya kuihangaisha hewa ipenye kwenye pembe za rejeta iliyojaa mapezi; huvuta ile iliyo mkabala nayo, na kwenye ncha za mapanga huirudisha mbele hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini. "Feni yako inajipepea yenyewe," alisema Babu. Gari likikimbia, upepo wa njiani huisaidia na kosa halionekani; likitambaa mchangani na mzigo, feni hubaki peke yake. Kava la bati, lenye mdomo wa mviringo unaoizunguka feni na ukingo unaofunika uso wote wa rejeta kwa nyuma, huilazimisha hewa yote ipitie kwenye rejeta, kona kwa kona.

Kava la asili hatukulipata, si Mtwara wala Lindi. Fundi bati wa jirani alilikata kwenye pipa la mafuta, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kwa kuwa vipimo nilichukua mimi. Mapanga ya feni yalikuwa na upana wa sentimita 46 kutoka ncha hadi ncha, nami nikaacha nafasi ya sentimita moja tu kuzunguka, nikiamini kwamba kadiri mdomo unavyobana ndivyo hewa inavyovutwa vizuri. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa gari lililosimama. Lakini kava hufungwa kwenye rejeta, rejeta hukaa kwenye chesisi, na feni hukaa kwenye injini, ambayo huyumba juu ya mipira yake kila dereva anapoachia klachi akiwa na mzigo. Tulipojaribu kuondoka, mapanga yalikwangua bati kwa sauti iliyowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Tukapanua hadi sentimita mbili na nusu.

Kosa la tatu lilikuwa la mpangilio, na nadhani kila anayefunga kitu hiki kwa mara ya kwanza hulifanya. Baada ya kupanua ule mdomo, nilikuwa nimeirudisha rejeta mahali pake, mipira imekazwa, maji yamejaa, ndipo nikagundua kwamba kava haliwezi kupita kati ya feni na rejeta kwa njia yoyote. Nilipendekeza tulikate vipande viwili. Babu akakataa, akasema bati lililokatwa katikati litatikisika mpaka lijifungue lenyewe. Tukamwaga maji, tukaitoa rejeta, tukalitundika kava kwenye feni kama pete kidoleni, tukaishusha rejeta upya, kisha tukalivuta kava mbele na kulifunga kwenye yale matundu manne niliyoyapaka rangi. Babu alipima kwa kidole: nusu ya upana wa mapanga, kutoka mbele hadi nyuma, iwe ndani ya mdomo, nusu ibaki nje. Chini ya miguu ya rejeta tuliweka vipande vya mpira wa tairi, ili chesisi ikijipinda kwenye mashimo isipasue viungo vya lehemu, na nafasi iliyobaki kando kando tukaiziba kwa mikanda ya tyubu kuukuu.

Kuhusu maji Babu hakukubali ya kisimani. Tulichota kwenye tangi la jirani yake lililobaki na maji ya mvua, tukajaza polepole mfuniko ukiwa wazi na injini ikinguruma, mpaka thamostati, kilango kinachofunguka maji yakipata moto, ikafunguka na maji yakashuka ghafla, ishara kwamba hewa iliyonaswa ndani imetoka, tukaongeza. Kisha gazeti likarudi. Lilinata katikati, na likanata kwenye pembe zote nne.

Mwanzoni mwa Oktoba tulipanda na mzigo ule ule, kwenye mchanga ule ule, na mshale haukuvuka nusu mpaka Newala. Njiani tulisimama kwa yule mama tukiwa na madebe mawili yaliyojaa, moja la deni na moja la shukrani. Alichota kidogo kwa kata, akaonja, akatema.

"Ya pwani haya," akasema. "Yana chumvi. Nitafulia. Lakini debe langu bado."

Tulimlipa Januari, kutoka kwenye tangi la jirani wa Babu, wakati kisima chake mwenyewe kilikuwa kimefurika.