Tangi linaoza chini ya mikanda
Wenye pikapu za zamani hapa Goma, mkisikia harufu ya esansi (petroli) na chini hakuna tone, fungueni mikanda inayoshika tangi. Matope ya njia zetu za mawe ya volkano hukwama pale, yanashika maji, kutu inakula bati kutoka nje. Tundu ni kama la sindano: utaona tu vumbi limelowa, limeganda jeusi. Sabuni ya kipande inaziba mpaka garaji, basi. Tafadhali, fundi asichomelee tangi lililomwagwa esansi tu! Mvuke uliobaki ndio unalipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, tundu ligeuzwe juu, lijazwe maji karibu yafike hapo. Bati likibonyea ukilisukuma kwa turnevisi (bisibisi), tafuteni tangi lingine.